Mguu wa Kushoto wa Wirraway

Swali lilikuwa lilelile kila mwisho wa juma. Wageni waliingia bandani, wakavua miwani ya jua, wakaizunguka ile ndege ya Wirraway mara mbili tatu, wakaigusa ubavuni palepale palipoandikwa kwamba ni marufuku kugusa, kisha wakamgeukia Neville Strachan na kumwuliza, "Hii inaruka?"

Neville alikuwa na jibu lake. Aliwaambia kwamba inaweza kuruka ila hairuki, kama yeye mwenyewe anavyoweza kucheza dansi ila hachezi. Wengine walicheka. Wengine wakatoka na nyuso za watu waliouziwa mbuzi kwenye gunia, na hao ndio waliomkera, maana aliona kwamba miaka yote ile aliyoinama juu ya kila ribiti, kila kijimsumari kinachoshikilia mabati ya ndege ile, kwao si kitu.

Makumbusho ya Gresham Flat hayakuwa makubwa. Lilikuwa banda moja la mabati pembeni ya uwanja wa ndege wa zamani, katikati ya mashamba ya miwa ya kaskazini mwa Queensland. Ndani mlikuwa na jipi mbili za jeshi, injini kadhaa zilizopasuliwa ubavu ili watu waone matumbo yake, lori la Blitz lililofanya kazi ya zimamoto wakati wa vita, na hiyo Wirraway, ndege ya kufundishia marubani wa kivita, yenye viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Watu walikuja kutoka mbali kuiona. Walikuja wastaafu wanaozurura nchi nzima na vijumba vya magurudumu nyuma ya magari yao. Walikuja wanaume wenye kamera zenye mdomo kama wa mamba, wanaokumbuka namba ya kila ndege iliyotoka kiwandani lakini tarehe ya ndoa zao hukumbushwa.

Ndege yenyewe ilikuwa imepatikana vipande vipande. Kiwiliwili chake kilitoka kwa mkulima mmoja aliyekuwa akifugia kuku ndani yake. Bawa moja lilikuwa paa la choo. Visivyopatikana Neville alivitengeneza kwa mikono yake, kwa sababu maisha yake yote alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha sukari, na mashine ya kukereza chuma aliijua kama mwingine anavyolijua jiko lake. Mkewe, Coral, alizoea kusema kwamba laiti mumewe angemtazama yeye hata mara moja kwa jicho lile analolitazamia boliti, wangekuwa na watoto kumi badala ya wawili.

Aliyetaka ndege iruke alikuwa Keith Odgers, mwenyekiti wa makumbusho na kaka yake Coral. Keith alikuwa mtu wa maneno mengi na kofia kubwa. Kwake yeye ndege isiyoruka ilikuwa sawa na farasi aliyejazwa majani makavu. Alilisema hilo katika kila mkutano, na kila alipolisema Neville alijibu kwamba Wirraway zilizobaki duniani ni chache, na kwamba kitu kinachoruka, iko siku kitaanguka. Wanachama waliwasikiliza mashemeji hawa kama watu wanavyosikiliza mvua juu ya bati. Mwishowe wakapiga kura, na Keith akashinda.

Neville hakususa. Alirudi kwenye meza yake ya kazi akaanza kuifungua upya ndege nzima, safari hii kwa macho ya mtu anayejua kwamba binadamu ataketi ndani yake. Sababu yake ya kweli hakuwa ameisema mkutanoni. Alimwambia Coral peke yake, siku moja wakianika nguo.

"Ikikaa chini," alisema, "kosa langu halimwui mtu."

Coral alibana shati kwenye kamba. Baadaye alimwambia kwamba kama ni hivyo basi asifanye kosa, na Neville akaona kwamba wanawake wa ukoo wa Odgers wote wameumbwa namna moja.

Rubani aliyekubali kuirusha aliitwa Janine Kowalczyk, mwanamke wa miaka arobaini na kitu aliyeishi kwa kunyunyizia miwa dawa kutoka angani, akipita chini kiasi cha kuwatisha mbwa. Kwa majuma mengi alikuja bandani kila jioni, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa na kumwuliza Neville maswali. Mafuta yanapita wapi? Kebo hii ikikatika nini kinatokea? Magurudumu yakikataa kushuka nafanyaje? Neville alimweleza kwamba miguu ya magurudumu huingia tumboni kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu ya injini, na kwamba injini ikishindwa ipo pampu ya mkono pembeni mwa kiti. Alimfanya aivute pampu ile akiwa amefumba macho mpaka akachoka. Akampenda, kama mtu anavyompenda mpwa mwenye akili, na kumpenda kule hakukumpunguzia hofu hata kidogo.

Mkaguzi wa ndege alikuja kutoka mjini, akaingiza kichwa chake kila mahali, akaridhika. Siku ikapangwa, Jumamosi moja ya Julai, wakati wa kiangazi, miwa ikiwa inavunwa. Keith aliitoa ndege nje siku kadhaa kabla, mapema kuliko ilivyohitajika, ili gazeti la mkoa lipate picha nzuri juani. Aliagiza vifuniko vyote vya turubai vivuliwe, kwa sababu, alisema, huwezi kumpiga picha bibi harusi akiwa na blanketi.

Jumamosi ilipofika watu walijaa kuanzia uzio hadi barabarani. Kulikuwa na harufu ya soseji na vitunguu, na akina mama wa kanisa wakiuza keki za chokoleti na nazi. Tangu alfajiri Neville alikuwa akiizunguka ndege na tochi. Janine alipopanda alimpigapiga begani.

"Mzee, nenda kanywe chai. Ukizidi kunitazama hivyo nitadhani unanizika."

"Shuka salama ndiyo nitakunywa," Neville alimjibu.

Injini ilikohoa, ikatema moshi wa bluu, ikashika. Ndege ikaenda kwenye nyasi, ikageuka, ikakimbia. Neville alikuwa amejiandaa kwa hofu, na hofu ilikuja, lakini gurudumu la mwisho lilipoiacha ardhi kikaja na kingine asichokitarajia. Ile kelele aliyoizoea ndani ya banda, iliyokuwa ikiyatikisa mabati na kumwumiza masikio, huko juu ilibadilika. Ilinyooka. Ndege ilipita juu ya miwa na kivuli chake kikiikimbiza chini, na Neville akagundua kwamba mdomo wake uko wazi na kwamba mtu aliyekuwa kando yake, asiyemjua, amemshika mkono.

Janine alizunguka mara kadhaa kama walivyokubaliana, watu wakipiga makofi, kisha akajipanga kutua. Ndege ilipokaribia, wanaume wa kamera ndio walioona kwanza. Mguu wa kulia ulikuwa umeshuka. Wa kushoto haukuwepo.

Keith alikuwa na redio ya mkononi, na ilikuwa ikiongea. Aliisikiliza kidogo, uso wake ukaisha rangi, akamkabidhi Neville.

"Nev, uko hapo?" Sauti ya Janine ilikuwa tulivu, kama ya mtu anayeuliza bei ya nyanya. "Kushoto kumegoma. Nimepampu mpaka mkono umekufa ganzi."

Neville alimwambia apande juu, mbali na watu, aitikise ndege kulia na kushoto. Aliitikisa. Alimwambia ainamishe pua, ashuke kwa kasi kisha aivute juu ghafla, ili uzito wa mguu wenyewe uusaidie kutoka. Akafanya hivyo mara tatu, na kila mara ndege ilipoinuka watu wote uwanjani waliinua mabega pamoja nayo. Mguu haukutoka.

"Wa kulia unarudi ndani?" Neville aliuliza.

"Unarudi. Nimeurudisha, nimeushusha tena. Huo ni mtoto mzuri."

Coral alikuwa tayari ameshapanda kwenye lori la Blitz. Hakuna mwingine pale aliyeweza kuiweza gia yake, na wala hakungoja aambiwe. Lori liliguruma, likazimika, likaguruma tena, akaliendesha hadi pembeni mwa nyasi na vijana wawili wa zimamoto ya mji wakining'inia nyuma na mpira wa povu.

Redio ikaongea. "Nisikilize, mzee. Naweza kutua na huu mmoja. Nikiuegemea polepole, nikaliweka bawa juu mpaka mwendo uishe, pengine itageuka kidogo tu mwishoni. Pangaboi ya puani itapona, injini itapona. Nimekwisha kufanya hivyo na ndege yangu ya dawa."

"Ndege yako ya dawa ina uzito gani?"

"Si kama hii."

Neville alimtazama Keith. Keith alikuwa ameketi juu ya sanduku la barafu, kofia mikononi. Neville akaiona ndege yake huko juu, ndogo, inang'aa, kila ribiti mahali pake. Aliiona pia ikishika ardhi kwa mguu mmoja, bawa likidondoka, ikipinduka na petroli ndani.

"Uingize ndani," alisema. "Miguu yote miwili ndani. Utatua kwa tumbo."

"Nev, itavunjika."

"Ivunje. Hayo ni mabati, dada yangu. Mabati mimi najua kuyatengeneza. Wewe sijui kukutengeneza."

Janine akasema sawa. Neville akamkumbusha afungue kioo cha juu kabla ya kugusa, azime petroli, azime umeme, aitue kwenye nyasi na si kwenye lami. Alikuwa akiyasema mambo ambayo Janine aliyajua vizuri kuliko yeye, na Janine alimwitikia kila moja, "Ndiyo, mzee," kwa sababu alielewa kwamba mzee naye anahitaji cha kufanya.

Ilikuja chini sana juu ya miwa. Pangaboi ilipunguza mwendo hadi ncha zake zikaonekana. Kisha tumbo likagusa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu anayeburuta mageti yote ya mji kwa pamoja. Pangaboi ikajikunja. Majani na vumbi vikapanda, ndege ikateleza, ikateleza, ikajigeuza ubavu kidogo, ikasimama. Lori la Blitz lilikuwa kando yake kabla vumbi halijatua, Coral akiwa ameukaza uso juu ya usukani, na povu likaanza kumwagwa pasipo na moto wowote.

Neville alikimbia. Alikuwa na miaka sabini na moja na goti bovu, lakini alikimbia. Alimkuta Janine ameketi kwenye nyasi mita chache kutoka bawani, povu kwenye nywele, akicheka.

"Nimeiharibu," alisema.

"Umeumia?"

"Ulimi nimeuuma." Alitema mate, akayaangalia. "Hizo ribiti zako, mzee. Nilidhani sakafu itafunguka miguuni pangu. Haikufunguka hata moja. Nipe chai basi."

Kiwanda cha sukari kiliazimisha kreni yake, na ndege ikarudishwa bandani ikining'inia kama ng'ombe aliyetolewa kisimani. Tumbo lilikuwa limekunjamana, pangaboi imekuwa kama majani ya mgomba baada ya kimbunga. Watu wa gazeti walipiga picha zaidi kuliko walizopiga siku zote zilizotangulia.

Siku iliyofuata Neville hakuuliza mtu. Aliingia chini ya bawa la kushoto na taa, akafungua kifuniko kidogo kwenye kulabu inayoushikilia mguu ukiwa juu. Ndani, mahali ambapo pini inapaswa kuteleza, alikuta tope. Lilikuwa gumu kama tofali, limejengwa kwa ustadi, na alipolivunja kwa bisibisi wakadondoka buibui waliokauka na funza mweupe mnene. Nyigu wa matope. Kila mtu wa Gresham Flat anamjua. Huziba matundu ya funguo, filimbi za treni, na mabomba ya gesi, na kujenga kwake ni kazi ya siku mbili tatu tu. Mlango mdogo wa tundu lile kwa kawaida ulikuwa ukizibwa na kifuniko cha turubai. Wakati wa kuondoka ardhini, mguu ulipoingia ndani, pini ilikuwa imepenya kwa nguvu hadi ikajikaza topeni, na huko ikakwama.

Alimwita Keith peke yake, akamwonyesha. Keith alitazama tope, akaitazama turubai iliyokunjwa kwenye kona, na hakuhitaji kuchorewa.

"Ni mimi," alisema. "Mimi na picha zangu."

"Ni nyigu, shemeji."

"Usinifariji, Nev. Utawaambia?"

"Nitawaambia. Nitawaambia pia kwamba nilikuwa na tochi asubuhi nzima na tundu lile sikulichungulia. Tutagawana."

Keith alikaa kwenye ile ndoo aliyokuwa akikalia Janine. Alisema kwamba usiku uliopita hakulala, kwamba kila akifumba macho alikuwa akiliona bawa likidondoka. Neville alimwambia kwamba hayo yeye ameyaona kwa miaka. Walikaa hivyo hadi Coral akaja kuwauliza kama wanaatamia.

Mkutano ulifanyika juma lililofuata, na ukumbi ulijaa. Mkaguzi alishaleta maoni yake. Ndege inaweza kutengenezwa, na ikitengenezwa vizuri hana sababu ya kuizuia. Lakini wanachama wengi walikuwa wamechoka. Mmoja alipendekeza tumbo linyooshwe kwa ajili ya kutazamwa tu, pangaboi iliyojikunja iachwe vilevile kama historia, na ndege ikae chini milele. Watu wakaguna kukubali. Keith alisimama, akasema yeye ndiye aliyeshupalia iruke, mtu nusura afe, na sasa ataunga mkono ikae. Sauti yake ilikuwa ndogo. Kisha, mmoja baada ya mwingine, waligeuza shingo kumtazama Neville, kama watu wanaongojea aliyeshinda achukue kombe lake.

Neville alisimama polepole kwa ajili ya goti.

"Mimi nilisema isiruke," alianza. "Nikawaambia ni kwa sababu zimebaki chache. Hiyo ni kweli, lakini si ndiyo iliyokuwa ikininyima usingizi. Nilikuwa naogopa kumwua mtu." Alisugua kidevu. "Basi. Siku mbaya ilikuja, tumeiona wote. Janine yule pale anakula keki. Mimi nasema tuitengeneze sawasawa, na iruke."

Keith alimkazia macho shemeji yake.

"Umegonga kichwa wapi wewe?"

"Kwako," Neville akamjibu, na watu wakacheka, na kicheko hicho kilifanya zaidi ya hotuba yoyote. Walipopiga kura, mikono michache tu ilibaki chini. Janine, keki ikiwa bado mdomoni, alikuwa ameinua yote miwili.

Kuitengeneza kulichukua muda mrefu kuliko alivyodhani mtu yeyote. Pangaboi nyingine ilipatikana kwa mzee mmoja wa New Zealand aliyekuwa akiitumia kama pambo la bustani, na alikataa kuitoa mpaka alipoahidiwa kwamba haitatundikwa ukutani. Injini ilifunguliwa yote. Neville alilikata bati la tumbo upya, sasa akisaidiwa na Keith, ambaye aligeuka kuwa mpiga ribiti hodari pindi aliponyimwa nafasi ya kuongea. Wavu mwembamba wa shaba uliwekwa katika kila tundu lenye upana wa kidole, na turubai zikawa haziondolewi mpaka rubani avae mkanda.

Iliporuka tena hakukuwa na gazeti wala soseji. Ilikuwa asubuhi ya katikati ya juma, upepo hamna. Janine alifanya mizunguko yake, akashusha miguu yote miwili, akatua, akaja hadi mlangoni mwa banda bila kuzima injini. Akanyoosha kidole kwenye kiti cha nyuma.

Neville alitikisa kichwa. Coral alikuwa ameshaleta kofia ya masikio. Alimvalisha mumewe mwenyewe, akamfunga kamba chini ya kidevu kama mtoto anayekwenda shule, akamsukuma.

Huko juu alitapika. Alikuwa fundi wa nchi kavu, na Janine alikuwa amemgeuza mara moja tu, kwa heshima, lakini ilitosha. Alipomaliza alijifuta, akaangalia nje. Aliuona mji wote kwa mara ya kwanza maishani mwake kutoka upande ule. Aliliona dohani la kiwanda alichokitumikia tangu ujana, jembamba kama sigara. Aliyaona mashamba yaliyovunwa na yasiyovunwa, na mto ukijikunjakunja kama mtu aliyepoteza kitu. Aliitafuta nyumba yake akaiona, na juu ya paa lake, upande wa nyuma ambao mtu hauoni akiwa uani, akaona doa kubwa la kutu. Alimwonyesha Janine kwa kidole, naye Janine akaishusha ndege kidogo ili alione vizuri.

Kesho yake, mapema kabla jua halijawa kali, Neville alikuwa juu ya paa na msasa na kopo la rangi, na Coral chini akimshikia ngazi.